Fedha na Kura: Habari za Sheria za Uchaguzi Katika Nchi Yetu

Msafiri atokaye sokoni Kariakoo, akiishika Barabara ya Morogoro, hushuka kwanza bonde la Mto Msimbazi penye viwanja vya Jangwani, kisha hupanda upande wa pili akaingia Magomeni. Akipita Mapipa na kuuliza njia ya Usalama, ataonyeshwa nyumba moja ndogo ambayo sasa imewekwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Ndiyo nyumba aliyoijenga na kukaa Mwalimu Julius Nyerere baada ya kuacha kazi ya kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, mwaka 1955. Si jumba la fahari. Ni nyumba ya mtu wa kawaida wa Magomeni.

Sisi walimu hupenda kuwapeleka wanafunzi pale, wapate kuona kwa macho yao mambo wanayoyasoma vitabuni. Siku moja mtoto mmoja, baada ya kuvitazama vyumba vyote, alituuliza: "Mwalimu, mtu huyu alipata wapi fedha za kushinda uchaguzi?" Wenzake walicheka, nasi tukacheka pamoja nao, kisha tukanyamaza, maana tuliona kwamba swali lake ni kubwa kuliko alivyojua mwenyewe. Mtoto huyo amezaliwa katika zama ambazo mgombea hujulikana kwa magari yake na fulana zake. Haikumwingia akilini kwamba mtu aweza kuchaguliwa bila ya vitu hivyo. Basi makala hii ni jibu letu kwake, na kwa wasomaji wote watakao kujua jinsi fedha ilivyoingia katika uchaguzi wa nchi yetu, jinsi sheria zilivyojaribu kuizuia, na kwa nini kazi hiyo haijaisha.

Tuanze mwanzo. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na kwa muda wa miaka zaidi ya 30 hapakuwa na mjumbe hata mmoja aliyechaguliwa kwa kura. Wote waliteuliwa na Gavana. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika kwa mafungu mawili, Septemba 1958 na Februari 1959. Lakini si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura. Sheria ilimtaka mpiga kura awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe amefika darasa la 8, au awe ameshika kazi au cheo cha namna fulani. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu 3: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja.

Hebu tufikiri maana yake. Siku zile fedha haikutumika kumnunua mpiga kura. Ilisimama mlangoni kama bawabu, ikachagua nani aingie na nani abaki nje. Hamali wa Kariakoo, mvuvi wa Msasani, mama apikaye maandazi alfajiri pale Magomeni, wote hao walibaki nje. Ndiyo maana watu wengi wa chama cha TANU walitaka kuususia uchaguzi ule. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere aliwashawishi wenzake waingie uchaguzini ijapokuwa sheria ilikuwa mbaya, wapate kuibadili kutoka ndani. Wengine hawakuridhika, Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake, African National Congress.

Sasa turudi kwenye swali la mtoto: TANU ilipata wapi fedha? Chama kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba moja ya Kariakoo, mtaa uliokuwa ukiitwa New Street na sasa waitwa Lumumba. Hakikuwa na hazina. Walikuwapo watu wachache wenye mali kidogo, kama John Rupia na Dossa Aziz, ambao walitoa cha kwao. Lakini nguvu yenyewe ilitoka katika kadi za wanachama na michango midogo midogo, na katika kazi ya kina mama walioongozwa na Bibi Titi Mohamed, ambao waliwaingiza wenzao chamani nyumba kwa nyumba. Mwalimu alipokwenda New York mwaka 1955 kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, nauli ilitafutwa kwa kuchangishana. Na mwaka 1958 aliposhtakiwa kwa maneno yaliyoandikwa katika gazeti la chama juu ya maofisa wa Serikali, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi 6. Angalia hesabu hiyo, msomaji. Faini ya mtu mmoja ililingana na pato la mwaka mzima ambalo sheria ililitaka kwa mpiga kura.

Basi jibu la kwanza ni hili: fedha ile ilitoka chini kwenda juu. Wapiga kura ndio waliomchangia kiongozi, si kiongozi aliyewapa wapiga kura. Jambo hili twaliweka mbele, kwa kuwa mengine yote tutakayoyasema ni habari za jinsi mto huu ulivyogeuka ukaanza kutiririka upande mwingine.

Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na vingi kati ya hivyo vilipatikana bila kupingwa. Ilipofika mwaka 1965 nchi ilikuwa imekwisha kuamua kuwa na chama kimoja, baada ya tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa kutoa shauri lake. Hapo zikatungwa kanuni ambazo hata leo yatupasa kuzitazama kwa makini. Karibu katika kila jimbo wagombea 2 wa chama hicho hicho walisimamishwa mbele ya watu. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba. Mgombea hakuruhusiwa kutumia mali yake kujitangaza, wala kuitisha mkutano wake mwenyewe. Mikutano iliandaliwa na chama wilayani, nao wawili wakasimama jukwaa moja, wakasikilizwa na watu wale wale. Ilikatazwa kutaja kabila, rangi au dini. Na lugha ya mikutano ilikuwa Kiswahili peke yake.

Matokeo yake yalistaajabisha wengi. Wakubwa kadhaa waliangushwa na watu wasiojulikana. Hata Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa jimboni kwake. Na huko Morogoro Amir Jamal, mtu mwenye asili ya Kihindi, alichaguliwa na wapiga kura ambao karibu wote walikuwa Waafrika. Pale ambapo mfuko ulifungwa, watu walipima maneno na matendo.

Lakini haifai kusifu bila kusema kasoro. Kanuni zile zilimzuia tajiri, ni kweli. Ila zilimzuia pia mtu asiyekubaliwa na chama. Vikao vya chama ndivyo vilivyochuja majina, na aliyekataliwa huko hakuwa na mlango mwingine. Katika nafasi ya Rais palikuwa na jina moja tu, na mpiga kura aliambiwa aseme ndiyo au hapana. Kwa hiyo twajifunza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, sheria yaweza kuizuia fedha isitawale uchaguzi. Tuliliona jambo hilo kwa macho yetu katika nchi hii. La pili, sheria hiyo hiyo ikiwa mikononi mwa upande mmoja, yaweza kuwa ua wa kuwafungia wengine nje.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili, au kupangisha nyumba. Miaka ikapita, hali ya uchumi ikawa ngumu, na Februari 1991 chama tawala kilikutana Zanzibar kikayalegeza masharti hayo. Mwaka uliofuata, 1992, mfumo wa vyama vingi ukarudi kwa sheria. Mambo haya mawili yalikuja karibu karibu: kiongozi akapata ruhusa ya kuwa na mali, na wakati huo huo akapata washindani. Mwenye mali aliye mashindanoni atafanya nini, ikiwa si kuitumia mali yake?

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulifanyika Oktoba 1995. Wakazi wa Magomeni wenye umri mkubwa hawajasahau siku ile ya tarehe 29. Watu walidamka wakapanga foleni. Vituo vingine havikufunguliwa kwa saa nyingi, vingine havikuwa na karatasi za kura. Mwishowe uchaguzi wa majimbo yote 7 ya Dar es Salaam ulifutwa, ukarudiwa tarehe 19 Novemba. Tunalitaja jambo hili kwa sababu watu hudhani kwamba uchaguzi huharibiwa na hongo peke yake. Uchaguzi huharibika pia msimamizi asipokuwa tayari, na mpiga kura akaenda nyumbani bila kujua aliyemkosea ni nani.

Hata mwaka 2000 likazuka neno takrima. Neno lenyewe ni zuri. Ni ndugu wa ukarimu, na kila mtu wa pwani ajua kwamba mgeni hupokewa kwa maji na chakula, na kwamba aendaye kwa watu mikono mitupu huonekana hana adabu. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985, kama zilivyo sheria za Kiingereza ambako ilichota mengi, ilimkataza mgombea kumlisha, kumnywesha au kumburudisha mpiga kura ili apate kura yake. Lakini mwaka huo wa 2000 Bunge liliongeza maneno katika kifungu cha 119, kwamba jambo lifanywalo kwa nia njema, likiwa ni ukarimu wa kawaida au wa desturi, halitahesabiwa kuwa ni kosa hilo.

Nani basi atapima nia ya mtu? Mgombea akigawa kanga, atasema ni desturi. Akigawa pilau, atasema ni ukarimu. Akitia noti mkononi mwa mzee, atasema ni heshima kwa mkubwa. Wazee wetu walikuwa na methali ya kejeli: Penye udhia penyeza rupia. Sheria ya mwaka 2000 iliitwaa rupia ile ikaivika kanzu ya mgeni.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na vikundi vingine 2 vya wanasheria wakalipeleka shauri Mahakama Kuu ya Dar es Salaam mwaka 2005. Hoja yao haikuwa ngumu. Katiba yasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Lakini takrima ilimfaa mwenye nacho, ikamwacha asiye nacho. Tena mpiga kura aliyeshibishwa hakuwa huru kama yule asiyeguswa. Aprili 2006 Mahakama ilikubali, ikatamka kwamba vifungu vile vyapingana na Katiba. Hukumu ile ni katika mambo makubwa ya historia ya sheria zetu, nasi twashangaa kuona jinsi inavyotajwa mara chache mashuleni.

Kabla ya hapo lilitokea shauri jingine ambalo twaona ni ndugu yake. Mwananchi aliyekuwa mgombea katika jimbo la Nkenge mwaka 2000, Julius Ndyanabo, alitaka kupinga matokeo mahakamani. Sheria ikamwambia aweke kwanza amana ya shilingi 5,000,000, ndipo shauri lake lisikilizwe. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba sharti lile lapingana na Katiba, kwa kuwa lilimfungia maskini mlango wa haki. Linganisha, msomaji, shilingi 3,000 za mwaka 1958 na shilingi 5,000,000 za baadaye. Bawabu yule yule alihama tu. Akaondoka kwenye mlango wa kituo cha kura, akasimama kwenye mlango wa mahakama.

Hapa yafaa tuvuke bahari kidogo, tuone wenzetu walivyopita njia hii. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa maarufu kwa hongo za uchaguzi. Wapiga kura walilishwa na kunyweshwa katika vilabu vya pombe kwa gharama ya wagombea, na kwa kuwa kura ilipigwa kwa kutamka mbele ya watu, mnunuzi alijua kama amepata alichokinunua. Sheria za kukataza zilikuwapo tangu zamani, lakini hazikuuma, maana waliosikiliza malalamiko walikuwa Wabunge wenyewe. Mwaka 1868 mashauri hayo yakahamishiwa kwa majaji. Mwaka 1872 kura ikawa ya siri. Ndipo mwaka 1883 ikatungwa sheria iliyoweka kikomo cha matumizi kwa kila mgombea, ikamtaka awe na wakala mmoja ambaye fedha zote zitapita mikononi mwake, na hesabu zake zitolewe. Baada ya hapo gharama za uchaguzi zilipungua sana.

Twaomba msomaji auangalie utaratibu wa miaka hiyo mitatu. Kwanza alitafutwa mwamuzi asiye mchezaji. Kisha mpiga kura akafichiwa siri yake. Mwisho kabisa ndipo kikomo cha fedha kikawekwa. Kikomo kisicho na mwamuzi ni ugo usio na mlinzi. Ng'ombe hujua kabla ya mwenye shamba.

Tanzania ilipata kikomo chake mwaka 2010. Sheria ya Gharama za Uchaguzi, namba 6 ya mwaka huo, ilitiwa sahihi na Rais Jakaya Kikwete tarehe 17 Machi. Ilimpa Waziri uwezo wa kuweka kiwango cha juu cha matumizi. Ilimtaka mgombea atangaze fedha alizo nazo na anazotazamia kupata. Ilitaka michango inayozidi shilingi 1,000,000 kutoka kwa mtu mmoja, au shilingi 2,000,000 kutoka kwa shirika, iarifiwe kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Tena iligusa hata kura za maoni ndani ya vyama, jambo la busara sana, kwa maana katika majimbo mengi vita yenyewe huishia humo, na siku ya uchaguzi huwa ni ya kuthibitisha tu.

Ni ajabu ya historia kwamba miezi 2 kabla yake, Januari 2010, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kinyume. Ilisema makampuni na vyama vya wafanyakazi vyaweza kutumia fedha bila kikomo kusema juu ya wagombea, mradi visishirikiane nao. Na jirani zetu wa Kenya walitunga sheria yao ya fedha za kampeni mwaka 2013. Lakini Bunge lao likaiahirisha isitumike katika uchaguzi wa 2017, na mwaka 2021 Tume ya Uchaguzi ilipotangaza viwango, Bunge likavikataa. Basi tusijidharau. Kwa maandishi, sisi tulitangulia wengi.

Lakini maandishi hayatembei yenyewe. Shida ya kwanza ni ya muda. Sheria huanza kuhesabu uchaguzi ukikaribia. Mwenye fedha huanza mapema zaidi. Yeye huonekana kwenye msiba, kwenye harusi, kwenye mashindano ya mpira akileta jezi, kwenye harambee ya msikiti na ya kanisa. Hapo sisi wenyewe twapaswa kujipiga kifua. Tulikuwapo katika shule moja, ambayo haina haja ya kutajwa, mwaka mmoja wa uchaguzi. Akaja mtu na madawati 20. Watoto waliimba wimbo wenye jina lake, nasi walimu ndio tuliowafundisha wimbo huo. Tulifurahi, kwa sababu watoto walikuwa wakikaa chini. Hakuna aliyeuliza kwa nini madawati hayakuletwa mwaka uliotangulia, wala mwaka uliofuata kama yangekuja tena. Hayakuja. Mwenye njaa hahukumiwi upesi. Lakini mwalimu aliyekubali wimbo ule hawezi kusema kwamba rushwa ya uchaguzi ni kosa la wanasiasa peke yao.

Shida ya pili ni ya mwamuzi. Msajili wa Vyama huteuliwa na Rais, na Rais naye ni mwanachama na mara nyingi ni mgombea. Hatusemi kwamba mtu fulani amefanya hila. Twasema kwamba mwamuzi aliyevikwa jezi na timu moja, hata akipuliza filimbi kwa haki, timu ya pili haitaamini. Sheria za mwaka 2024 zilibadili mambo kadhaa, na Tume ikapewa jina la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Jina jema ni mwanzo mwema. Imani ya watu hutafutwa kwa vitendo.

Shida ya tatu ni ya hesabu. Vyama vinavyopata kura na viti hupewa ruzuku itokayo katika kodi, ambayo hata muuza vitumbua wa Magomeni huilipa anunuapo sukari. Hata hivyo Oktoba 2013 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilieleza hadharani kwamba vyama vilivyopokea ruzuku havikuwa vimewasilisha hesabu zilizokaguliwa kama sheria itakavyo. Vyama tawala na vya upinzani vilikuwa pamoja katika lawama hiyo. Iwapo anayetaka kuongoza nchi hawezi kuonyesha daftari la chama chake, atalishika vipi daftari la taifa?

Mtu aweza kusema: mbona jambo hili la fedha na kanuni mnalikuza mno? Hufa nani mtu akila pilau? Jibu letu twalitoa kwa huzuni. Februari 2018 palikuwa na uchaguzi mdogo katika jimbo la Kinondoni, ambalo Magomeni imo ndani yake. Chama cha CHADEMA kililalamika kwamba mawakala wake hawakupewa hati za kiapo, ambazo bila hizo wakala hawezi kuingia kituoni. Tarehe 16, siku moja kabla ya kura, wafuasi wake waliandamana kwenda kwa msimamizi wa uchaguzi kuzidai. Polisi wakawatawanya, na risasi moja ikampata mwanafunzi wa chuo aliyekuwa ameketi ndani ya daladala, akafa. Hakuwa mwandamanaji. Alikuwa msafiri. Viongozi wa chama wakashtakiwa, wakatozwa faini Machi 2020, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua hukumu ile. Lakini kwa yule mwanafunzi hapakuwa na rufani.

Tazama chanzo chake: karatasi. Hati ya kiapo ni karatasi ndogo; ikitolewa kwa wakati, hapana maandamano. Kanuni isipotimizwa ofisini, hudaiwa barabarani. Na ikidaiwa barabarani hakuna ajuaye itaishia wapi. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulitufundisha jambo hilo kwa uchungu zaidi, pale ghasia zilipozuka Dar es Salaam na miji mingine, watu wakapoteza maisha, na amri ya kutotoka usiku ikatolewa katika jiji letu. Chama kikubwa cha upinzani hakikuwamo uchaguzini, baada ya kukataa kutia sahihi kanuni za maadili. Wakubwa wa pande zote wana maneno yao juu ya siku zile, na wengine wangali katika majonzi. Sisi hatutaongeza jingine isipokuwa hili, kwamba watu wakiamini kuwa mlango wa sheria uko wazi, hawavunji dirisha.

Tufanye nini basi? Kwa upande wa sheria, historia yenyewe imetuonyesha njia. Anayesimamia fedha za uchaguzi asiwe mteule wa mshindani mmoja. Hesabu za wagombea na vyama zibandikwe ukutani, kwenye ofisi ya kata, kwa Kiswahili chepesi, mtu wa Mwembechai aweze kuzisoma akienda zake sokoni. Kulalamika mahakamani kusimgharimu mnyonge kuliko alivyo navyo. Na siku za kuhesabu matumizi zianze mapema, zisingojee ngoma kuanza kulia.

Kwa upande wetu, walimu na waumini, kazi iko karibu zaidi. Mgombea akileta madawati, tuyaandike katika daftari la shule kwa jina na tarehe, tumpe stakabadhi, wala watoto wasiimbe. Akileta fedha za kuezekea kanisa mwezi wa kampeni, tumwombe kwa adabu arudi baada ya kura kuhesabiwa. Wengi hawatarudi, na paa litachelewa. Mvua za masika zitatunyeshea, nasi tutajua kwa hakika nani alitupenda sisi na nani alipenda kura zetu.

Wiki iliyofuata tulimjibu yule mtoto darasani. Tulimwambia kwamba mwenye nyumba ile ya Usalama alipata fedha kwa watu waliokuwa nazo kidogo, wakampa, na kwa hiyo akawa na deni kwao. Akafikiri, akauliza tena: "Na huyu anayetupa sisi, nani ana deni?" Swali hilo tumeliandika ubaoni, na hatujalifuta.